UZI: Kibao kando ya barabara, nani anaamua kiandikwe nini?

1/
Msimu wa midahalo ukifika, kuna ahadi moja haikosi kurudi: "Mkinichagua, nitawajengea mashujaa wetu mnara." Mwingine anajibu palepale: "Watu hawana dawa hospitalini, wewe unataka sanamu!" Ukumbi unapigia wote wawili makofi, mwendesha mdahalo anahamia swali lingine, na sisi tunarudi nyumbani bila kuelezwa chochote.

Leo tuieleze. Kanuni zetu ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaka kumtukana mtu, huu sio uzi wako.

2/
Nianze na safari. Mwezi uliopita nilimsindikiza cucu yangu Naivasha kwa harusi ya mjukuu wa dadake. Matatu ikapita barabara ya chini, ile ya kuteremka kwenda Mai Mahiu. Mnalijua lile kanisa dogo sana lililo kando ya barabara kule mteremkoni? Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, wale wale waliotumiwa kutengeneza hiyo barabara. Ni dogo hivi kwamba harusi ya kawaida haiwezi kutosha ndani. Lakini linajulikana. Watalii husimama, wanapiga picha, wanasimuliwa.

Nikamweleza cucu hiyo stori. Akasikiliza, akasema tu, "Vizuri."

3/
Kurudi tulipita barabara ya juu, Kinungi hadi Kimende, kuelekea Limuru. Tulipokaribia Kimende cucu akanyamaza. Akageuza uso upande wa pili wa dirisha. Nilidhani amelala. Baadaye kidogo akaniuliza, "Wale Waitaliano walikufa wangapi pale kwa kanisa?"

Nikamwambia pale kanisani hawakuuawa watu, walijenga tu.

Akasema, "Na bado wana kibao."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike uzi huu.

4/
Kwa wasiojua: Lari ni sehemu ya Kiambu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia familia za homugadi, machifu na watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali ya kikoloni. Nyumba zilichomwa na watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto.

Usiku huo huo, kituo cha polisi cha Naivasha pia kilivamiwa, silaha zikachukuliwa na wafungwa wakaachiliwa. Ukitoka Kimende kwenda Naivasha leo, unaendesha kati ya pande mbili za usiku mmoja.

5/
Lakini stori haikuishia hapo, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule hukimbia. Usiku huo na siku zilizofuata, homugadi, polisi na wanajeshi waliwaua watu waliodhaniwa kuhusika. Huenda idadi yao ilizidi ya wale wa kwanza. Hawa wa pili hawakupigiwa hesabu vizuri. Picha za wale wa kwanza zilisambazwa duniani na serikali ya kikoloni ili kuonyesha "ukatili wa Mau Mau". Wa pili hawakupigwa picha za kuonyesha mtu.

6/
Na kabla ya hapo kulikuwa na shamba. Miaka zaidi ya kumi nyuma, wakoloni waliwahamisha Wakikuyu kutoka Tigoni ili sehemu hiyo iwe ya wazungu peke yao, wakapewa ardhi Lari badala yake. Wengine walikubali kuhama, wengine wakakataa. Waliokataa waliwaona waliokubali kuwa wasaliti. Na Lari yenyewe ilikuwa na watu waliodai kuwa ni yao. Kwa hivyo usiku wa 1953 haukuanguka kutoka mbinguni. Ulikuwa na vita vya uhuru ndani yake, na ulikuwa na ugomvi wa shamba ndani yake.

7/
Sasa, cucu wangu. Alikuwa na miaka saba. Babake alikuwa homugadi, akanusurika. Kaka ya mamake alichukuliwa asubuhi iliyofuata na watu wenye bunduki, hakurudi. Nyumba moja, mlo mmoja. Mpaka leo familia haijui mjomba huyo alizikwa wapi.

Sijaandika haya ili mnihurumie. Nimeyaandika kwa sababu mtu akisimama jukwaani kusema "tutaweka kibao cha mashujaa", mimi najiuliza: kwa nyumba ya cucu, kibao kinamtaja nani?

8/
Hebu tufanye zoezi. Chukua karatasi. Umepewa maneno thelathini na bamba moja la chuma. Andika kibao cha Lari.

Kibao cha kwanza: "Hapa, tarehe 26 Machi 1953, watu zaidi ya 70, wengi wanawake na watoto, waliuawa na Mau Mau."

Kila neno hapo ni kweli. Na bado ndicho kibao ambacho serikali ya mkoloni ingekiandika.

9/
Kibao cha pili: "Hapa wapigania uhuru waliwashambulia vibaraka wa mkoloni waliowanyang'anya wananchi ardhi."

Hapo kuna ukweli pia. Lakini mtoto wa miaka mitatu aliyeungua hakuwa kibaraka wa mtu. Kibao hicho kimemzika mara ya pili.

Kibao cha tatu: "Hapa wananchi wengi waliuawa na majeshi ya mkoloni mwaka 1953."

Kweli tena. Na kimeruka usiku wote kikaanza asubuhi.

10/
Mnaona shida? Kibao kinaweza kudanganya bila kuwa na neno moja la uongo. Kinadanganya kwa mahali kinapoanzia hadithi na mahali kinapoikata. Hilo ndilo jambo la kwanza nataka mlibebe kutoka uzi huu. Mgombea akikuambia "tutaandika ukweli", muulize: ukweli kuanzia saa ngapi?

11/
Jambo la pili: kuna watu walishafanya kazi hii kabla ya wanasiasa. Pale Kimende kuna makumbusho madogo ya jamii, Lari Memorial Peace Museum. Walioianzisha ni wazee waliotoka pande zote mbili: waliokuwa Mau Mau na waliokuwa homugadi. Waliketi pamoja, watu ambao ujana wao waliwindana. Hawakungoja bajeti ya serikali, na hawakuwa na rasilimali nyingi.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilisoma nadharia nyingi kuhusu maridhiano. Hakuna hata moja iliyonifundisha kuliko hilo.

12/
Tutoke Lari kidogo, msije mkasema ni stori ya jamii moja. Twende katikati ya Nairobi, barabara kubwa ambayo jina lake silitaji kwa sababu ya kanuni yetu 😄

Pale kuna sanamu ya watu watatu wa shaba, iliyowekwa miaka ya 1920 kukumbuka Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka wanajeshi Waafrika na wapagazi, yaani watu wa Carrier Corps waliobeba mizigo ya jeshi kwa miguu. Jina lao limebaki mpaka leo: Kariokor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam.

13/
Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Sanamu inawaahidi kwamba watoto wao watakumbuka majina yao. Sasa zunguka sanamu yote utafute jina moja la mpagazi. Hakuna.

Barabara hiyo hiyo, hatua kadhaa mbele, kuna mnara wa Galton-Fenzi, mzungu mwanzilishi wa chama cha wenye magari, aliyeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926. Umeandikwa jina lake na umbali wa kwenda miji mbalimbali.

Aliyeendesha gari ana jina. Waliotembea kwa miguu wakiwa na mzigo kichwani hawana. Mtu hapiti hapo akafundishwa ubaguzi kwa maneno, lakini somo analipata.

14/
Kutoka hapo ukitembea dakika chache unafika kwa sanamu ya Dedan Kimathi. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili baadaye.

Kwa nini ilichukua miaka hamsini? Moja ya sababu: sheria iliyopiga marufuku Mau Mau iliyotungwa na mkoloni ilibaki vitabuni hadi mwaka 2003. Yaani miaka arobaini baada ya uhuru, kwa sheria zetu wenyewe, waliopigania uhuru bado walikuwa kundi haramu. Na kaburi lake bado familia inalitafuta. Ana sanamu, hana kaburi.

15/
Mfano mwingine ni mnara wa Mau Mau ulioko Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Pesa zilitoka kwa serikali ya Uingereza. Hiyo ilikuwa sehemu ya makubaliano ya mwaka 2013, baada ya wazee wetu kuishtaki huko London kwa mateso ya kambini. Walalamishi 5,228 walilipwa jumla ya pauni milioni 19.9.

Mnara wenyewe una mwanamke anayempa mpiganaji chakula, na nyuso zao zimegeukia pembeni. Walifanya hivyo ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Nilipokumbuka uso wa cucu uliogeukia dirishani, nikaelewa kwamba kuna watu wa miaka hiyo ambao hawajawahi kugeuza uso urudi mbele.

16/
Sasa tushughulikie hoja nne mnazozisikia kwenye midahalo. Nitaziweka kwa haki, hata zile sizipendi.

HOJA YA KWANZA: "Pesa hizo zijenge zahanati."

Hoja hii ina uzito, msiidharau. Lakini huwa inachanganya vitu viwili. Sanamu ya shaba ni mradi mkubwa: kuna msanii, msingi, ua, ulinzi, uzinduzi wenye hema na chai ya wageni. Kibao ni chuma au jiwe, nguzo mbili na maandishi. Mgombea anayepinga kibao kwa bei ya sanamu anakudanganya. Na anayeahidi sanamu huku akisema itagharimu kama kibao anakudanganya pia. Waulize wote wawili: kiasi gani, na kimo katika mpango wa kaunti wa miaka mitano au mmekiwaza leo asubuhi?

17/
HOJA YA PILI: "Msifungue vidonda vya zamani."

Hii mara nyingi husemwa na watu wazuri, hata wazee. Naiheshimu. Lakini angalia ni nani anaumizwa na kimya. Chukua Wagalla, kaunti ya Wajir, Februari 1984. Wanaume wa Kisomali walikusanywa kwenye uwanja wa ndege na vikosi vya usalama vya Kenya huru, sio vya mkoloni. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti mwaka 2013, ilisema walikaribia elfu moja, na wapo wanaodai walikuwa wengi zaidi ya hapo.

Kidonda cha Wagalla hakikufungwa ili mtu aje akifungue. Wajane walikuwa wanaishi nacho kila siku. Leo Wajir kuna mnara wa ukumbusho. Mnara haukumrudisha mtu, lakini uliondoa ile aibu ya kuambiwa kwamba kilichokupata hakikutokea.

18/
Kwa hivyo swali langu kwa hoja ya pili ni moja tu: umewauliza wenye kidonda? Wengine watasema ndiyo, tuweke. Wengine watasema bado, na hiyo nayo ni haki yao. Cucu yangu nilimuuliza. Jibu lake nitawapa mwishoni.

19/
HOJA YA TATU: "Hii ni historia ya jamii moja."

Mara nyingi huwa ni kweli kwamba vibao ni vya jamii moja. Dawa yake ni kuongeza vibao vya wengine, sio kukosa vyote. Ukipita Webuye, angalia vilima vya Chetambe. Pale mwaka 1895 Wabukusu walijichimbia ngome wakapambana na jeshi la Waingereza lenye bunduki ya Maxim. Ukipita Nandi Hills, kuna kaburi la ukumbusho la Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi waliopinga ukoloni kwa takriban miaka kumi, hadi alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 kwenye mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Aliyempiga risasi, Meinertzhagen, alipelekwa mbele ya uchunguzi na kuondolewa hatia.

20/
Ukishuka pwani, Malindi, kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa mbali Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Pimeni Kisii hadi Malindi kwenye ramani mnielewe.

Halafu hesabu wenyewe: kati ya sanamu unazozijua nchini za watu wenye majina, wanawake ni wangapi? Mtu akisema "mashujaa wetu" jukwaani, sikiliza kama kuna mama hata mmoja kwenye orodha yake.

Kumbukeni pia kwamba Katiba ya 2010 ilichukua tarehe 20 Oktoba, sikukuu iliyokuwa na jina la mtu mmoja, ikaiita Siku ya Mashujaa. Wazo lilikuwa hilo hilo: wengi, sio mmoja.

21/
HOJA YA NNE: "Ng'oa vya wakoloni vyote."

Tulishang'oa. Baada ya uhuru, sanamu ya kiongozi wa walowezi iliyokuwa katikati ya Nairobi iliondolewa ikapelekwa shamba la familia yake karibu na Elementaita. Barabara nazo zikabadilishwa majina.

Lakini Malindi wamefanya tofauti. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale mwaka 1498, bado imesimama ufukweni. Na Mekatilili amesimama mji huo huo. Mtoto wa Malindi anaweza kupelekwa kwa wote wawili siku moja, akauliza maswali. Mimi nadhani kuna vitu vya kung'oa, hasa vinavyomtukuza mtu aliyetesa wengine. Na kuna vya kuacha, ukaviwekea kibao cha pili kando kinachosema kile ambacho cha kwanza kilificha. Sanamu ya Askari ningeiacha. Ningeiongezea majina.

22/
Sasa sheria, kwa ufupi, maana hapa ndipo ahadi nyingi hufa.

Kwanza, Jedwali la Nne la Katiba: minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa iko chini ya serikali ya kitaifa. Makumbusho na shughuli za utamaduni za mashinani ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo mtu anayewania udiwani akikuahidi mnara wa kitaifa, anakuahidi kazi ya mtu mwingine.

Pili, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006: mahali hutangazwa kuwa pamelindwa kupitia gazeti rasmi la serikali. Pakishatangazwa, kupaharibu ni kosa la jinai. Bila tangazo hilo, kibao chako kizuri hakimzuii mtu kuleta tingatinga.

23/
Tatu, barabara yenyewe. Ukanda ulio kando ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara, na msimamizi wake kwa barabara kuu za kitaifa ni KeNHA. Huwezi kuamka ukachimba nguzo hapo, hata ukiwa na nia njema. Ndiyo maana vibao vingine huzinduliwa kwa shangwe, halafu barabara ikipanuliwa, vinang'olewa na hakuna anayejua vilienda wapi. Na biashara ya vyuma chakavu mnaijua wenyewe.

Nne, wewe mwananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sio lazima ungoje uchaguzi. Na Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo mnara uliojengwa mtaani kwenu uligharimu ngapi.

24/
Kuna somo moja kutoka Hola, Tana River, kuhusu nani aandike. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua. Kashfa hiyo ilitikisa bunge la Uingereza na kusaidia kumaliza mfumo wa kambi.

Kama kibao cha Hola kingeandikwa wiki ile ya kwanza na serikali peke yake, leo tungekuwa tunasoma habari ya maji machafu. Ndiyo maana maandishi yasiachiwe ofisi moja, ya mkoloni au ya kwetu.

25/
Kwa hivyo, mdahalo ujao, mgombea akitaja mnara, kibao au jina la barabara, hifadhi maswali haya matano:

Moja: Ni kibao au ni sanamu, na kinagharimu kiasi gani?
Mbili: Ni kazi ya kaunti au ya kitaifa? Wewe kiti chako kina mamlaka hayo?
Tatu: Nani ataandika maneno, na familia za pande zote zitayasoma kabla hayajachongwa?
Nne: Majina ya watu wa kawaida yatakuwepo, au ni la kiongozi peke yake na lako wewe uliyezindua?
Tano: Nani atakitunza miaka kumi ijayo?

26/
Hilo la nne sio mzaha. Tembeeni mwangalie mabamba ya uzinduzi nchini: mengi jina la aliyekata utepe ni kubwa kuliko la kinachokumbukwa. Mtu anajenga kumbukumbu yake kwa mgongo wa waliokufa. Mimi ningependekeza sheria ndogo ya kaunti, sentensi moja tu: jina la mzinduzi lisiandikwe. Uone ni ahadi ngapi za minara zitabaki.

27/
Nirudi kwa cucu kama nilivyoahidi. Tulipofika nyumbani nilimuuliza: kama wangeweka kibao pale, ungetaka kiseme nini? Nilikuwa nimetoa simu kabisa niandike.

Alifikiri sana. Akasema hataki neno "shujaa" na hataki neno "msaliti". Akasema, "Waandike majina tu. Ya usiku na ya asubuhi. Wayachanganye."

Nikamwambia, lakini watu hawatajua ni nani alikuwa upande gani.

Akanijibu, "Ndiyo."

28/
Sijui kama ana haki kabisa. Darasani ningesema kwamba kuchanganya majina kunaweza kumficha mwenye kosa, na kwamba mkoloni aliyewahamisha watu Tigoni lazima atajwe kwenye bamba hilo, juu kabisa. Bado naamini hivyo. Lakini mimi nimelisoma jambo hili kwenye vitabu, na yeye alikuwa na miaka saba siku hiyo. Kibao kikija, sauti yake iwe mezani kabla ya yangu na kabla ya ya mgombea yeyote.

Na iwe haraka, kwa sababu waliokuwa na miaka saba mwaka 1953 hawatatungoja uchaguzi mwingi zaidi.

29/
Kazi yenu wiki hii: kwenye wadi yako kuna mahali wazee wakipita wananyamaza. Muulize mmoja kwa nini. Muulize kwa adabu, na akikataa, muache. Akikubali, andika jina, tarehe, mahali. Hicho ndicho kibao cha kwanza, na hakihitaji tenda.

Leteni stori zenu hapa chini, bila matusi na bila majina ya wanasiasa. Uzi ujao: basari, na kwa nini kila mtu anadai ni pesa zake. Tuonane.